Nchi ya Ceredig

Jumapili, usiku.

Leo nilishuka treni Borth, kijiji cha pwani ya Welisi, nikakaa kungoja maji yakupwe. Yalikuwa ya bamvua, yakaenda mbali kweli, na visiki vikaanza kutokeza mchangani: misonobari na mialoni iliyokufa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, bahari ilipopanda. Nilikigusa kimoja. Cheusi, laini, kinabonyea kama muhogo uliovundikwa, na mizizi yake bado imeng'ang'ania udongo. Wenyeji wana hadithi ya nchi iliyozama hapa, Cantre'r Gwaelod. Ukiona visiki hivyo huwezi kuwashangaa.

Kaunti yote ya Ceredigion, magharibi mwa Welisi, imekaa hivyo: huku ghuba, huku milima inayopanda hadi Pumlumon, mita 752, na katikati mashamba na kondoo. Sensa ya 2021 ilihesabu watu wapatao 71,500 tu.

Mapokeo yanasema jina ni la Ceredig, mwana wa mtawala Cunedda, karne ya 5. Hilo -ion la mwisho ndilo linalobeba maana ya nchi. Sisi nchi tunaitanguliza, Unyamwezi, Uchaga. Wao wanaiweka nyuma. Waingereza walipolitamka likawa Cardigan, na mji wa Aberteifi, yaani mlango wa mto Teifi, nao wakauita hivyo hivyo. Baadaye likawa jina la cheo cha malodi, na Lodi Cardigan wa saba, yule aliyeongoza wapanda farasi kule Balaclava, katika Vita vya Krimea, mwaka 1854, akaliachia sweta la vifungo. Miaka yote nimelijua sweta, nchi siijui. Imeniuma.

Mwaka 1974 kaunti ilimezwa na Dyfed, kaunti kubwa zaidi. Iliporudishwa, tarehe 1 Aprili 1996, sheria iliipa jina la Kiingereza, Cardiganshire. Kesho yake tu baraza likalibadili: Ceredigion. Hawakutaka kulala nalo hata siku mbili! Nimewapenda kwa hilo.

Jioni mama mwenye nyumba alinifundisha kusema "katika Ceredigion". Kwa Kiwelisi herufi ya kwanza inageuka: yng Ngheredigion. Akadhani nitakwama, kumbe ni ng' yetu ya ng'ombe, ukiipulizia pumzi kidogo. Nilipoitamka akaweka birika chini, akavuta kiti.

"Sema tena," akasema.