Hasara Hii Mnaiandika Wapi?

Mwanga, Kigoma. Jumapili usiku.

Leo nimeshinda mwaloni Kibirizi, pale mashua zinaposhusha samaki, na shangazi. Nimerudi na harufu ya dagaa mikononi na swali moja kifuani, na nisipoliandika usiku huu sitalala.

Alfajiri, mashua zilipoingia, shangazi alinunua mabeseni matatu ya dagaa wabichi kwa pesa ya mkopo wa kikundi. Akawamwaga kwenye kichanja, akawa anapitisha kiganja juu yao taratibu ili wasilaliane, maana dagaa akilaliwa na mwenzake anakauka upande mmoja tu. Jua lilikuwa zuri. Kufika saa saba mchana wingu likajikusanya juu ya ziwa, na kabla hatujamaliza kufunika, mvua ikashuka. Turubai lake limetoboka mahali pengi. Nusu ya mzigo ukalowa.

Dagaa akilowa kabla hajakauka tumbo linapasuka, anageuka mweusi, na mfanyabiashara anayepeleka Dar es Salaam hamgusi. Anayebaki kumnunua ni wa chakula cha kuku, kwa bei anayotaka yeye. Shangazi alikuwa anawachambua walioharibika na kuwatia kwenye ndoo. Hakulia wala hakulalamika. Aliniuliza tu, bila kuinua uso: "Mwanangu, wewe si ndiyo kazi yako? Hasara hii mnaiandika wapi?"

Mimi ni afisa maendeleo ya jamii. Nimefanya kazi hii ngazi ya kata kwa miaka, na sikuwa na la kumjibu.

Nilikumbuka mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Kwa kufungwa kwenyewe sina ugomvi. Ziwa lilikuwa limechoka, kila mtu hapa analijua hilo. Lakini nakumbuka fomu iliyoletwa kwetu na ofisi moja kukusanya taarifa za walioguswa. Ilikuwa na safu ya mashua, safu ya injini, safu ya nyavu, safu ya wavuvi. Mwishoni kulikuwa na kisanduku kidogo cha idadi ya wanawake waliohudhuria kikao. Hapakuwa na mahali pa kumwandika mwanamke ambaye hana mashua wala wavu, ila ana beseni, kichanja na deni. Nilijaza ile fomu kama ilivyokuja, nikaisaini, nikaipeleka. Hilo linaniuma mpaka leo.

Miezi ile mitatu wavuvi walikuwa nyumbani, na wanawake wa mwaloni walikuwa nyumbani vilevile. Deni la kikundi halikufungwa pamoja na ziwa.

Ndiyo maana ninapowasikia wakubwa wakizungumzia "jinsia na mabadiliko ya tabianchi", akili yangu inarudi kwenye ile fomu. Watu wengi hawajui kwamba chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi, nchi zimealikwa kila moja kuteua mratibu wa kitaifa wa jinsia na tabianchi. Mwaliko huo ulitolewa kwenye COP 22, mkutano wa nchi wanachama wa mkataba huo, Marrakech, mwaka 2016. Mwaka 2019, kwenye mkutano wa Madrid, mpango kazi wa jinsia wa mkataba huo ulipohuishwa, moja ya shughuli zilizoandikwa ndani yake ilikuwa kujadili na kufafanua jukumu la waratibu hao. Nilipoisoma mara ya kwanza nilisimama hapo muda mrefu. Miaka mitatu baada ya nchi kuambiwa ziteue watu, ilibidi watu wakae waelezane kazi yenyewe ni ipi!

Sisemi hivyo kwa kuwabeza. Nawaelewa kwa sababu na mimi nimewahi kupewa cheo cha nyongeza kwa barua ya mistari minne: "pamoja na majukumu yako ya sasa, utakuwa pia mratibu wa..." Hakuna fungu, hakuna gari, hakuna anayelazimika kukujibu. Ukienda idara nyingine kuomba takwimu unasubirishwa kwenye benchi kama mgeni. Hali hiyo nimeiona kwenye halmashauri, na sioni kwa nini mtu aliyepewa barua ya namna hiyo wizarani awe na nguvu kuliko mimi. Kwenye mkutano wa Baku mwaka 2024 nchi zilikubaliana kuuongezea miaka 10 mpango wa kazi wa Lima kuhusu jinsia, ambao ndio mama wa ule mpango kazi wa jinsia. Miaka 10 ni mingi. Mtoto wa shangazi aliye darasa la tano leo atakuwa ameshakuwa mtu mzima.

Kwa hiyo nikiulizwa kumwimarisha mratibu wa kitaifa ni kufanya nini, nitasema kwanza: awepo mezani siku bajeti inapopangwa. Akiletewa rasimu iliyokwisha ili aongeze neno "wanawake" katika aya ya tatu, amechelewa. Awe na haki ya kuirudisha fomu kama ile ya kwetu kabla haijachapishwa na kusema, hapa panakosekana anayekausha. Semina za kumjengea uwezo ni nzuri na zinahitajika, lakini uwezo bila mamlaka unamfanya mtu ajue vizuri zaidi kile asichoweza kukibadilisha.

Jambo la pili ndilo linalonigusa zaidi, kwa kuwa linanihusu mimi. Huyo mratibu atajuaje habari za kichanja cha Kibirizi? Huku kwetu taarifa ya mazingira ina njia yake, inaishia kwenye ofisi inayoshughulikia mazingira, na kitaifa iko chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais. Taarifa yangu inakwenda kwenye wizara yenye dhamana ya maendeleo ya jamii na jinsia. Taarifa ya samaki inakwenda Mifugo na Uvuvi. Dagaa wa shangazi waliolowa leo ni habari ya mvua, ni habari ya mwanamke, na ni habari ya samaki. Kwa sababu ni ya ofisi zote tatu, hakuna iliyoibeba.

Na ziwa lenyewe linabadilika. Watafiti wamekuwa wakieleza kwa zaidi ya miaka 20 kwamba maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yamepata joto, na joto hilo linazuia maji ya juu kuchanganyika na ya chini. Ziwa hili lina kina cha takriban mita 1,470, na virutubisho vingi vimelala huko chini. Maji yasipochanganyika, chakula cha dagaa hakipandi. Kisha maji yakajaa: mwaka 2024 yalipanda mpaka yakala sehemu ya ufukwe. Wenye mashua walizisogeza. Waliokuwa wakianika mchangani wakakosa mchanga. Tatizo moja, lakini mwanamume na mwanamke hapo mwaloni walilipata kwa njia mbili tofauti, na anayeandika taarifa asipolitazama hivyo atauona upande mmoja tu.

Nataja na suala la kuni, kwa sababu sijaona likisemwa. Tuna Mkakati wa Kitaifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi, nami nauunga mkono kwa moyo wote. Lakini katika vikao vyetu huku tunalizungumzia jiko la nyumbani. Mama anayebanika samaki aina ya migebuka kwa moshi wa kuni kutwa nzima, macho mekundu, hatujamfikia. Pale ndipo mtu anayeunganisha jinsia na tabianchi angetakiwa kuingia na kuuliza.

Jioni, shangazi alipomaliza kuchambua, nilitoa daftari langu nikamwomba anihesabie. Alishangaa kidogo. Bei ya beseni alfajiri. Riba ya kikundi. Walioharibika, ndoo ngapi. Turubai, lini lilinunuliwa. Mama mmoja wa kichanja cha jirani akasogea, akasema, "Na mimi niandike." Akaja mwingine. Tulikaa mpaka giza likaanza kushika, nikawa naandika kwa mwanga wa simu. Kurasa nne zimejaa.

Nimezipiga picha. Kesho nitaziandika vizuri, niambatishe na taarifa ya mwezi, na nakala nitaipeleka kwa mwenzangu wa mazingira na wa uvuvi, mkononi, si kwa kuacha mapokezi. Na nitaomba, kwa barua rasmi kupitia kwa mkurugenzi, tuambiwe mratibu wa kitaifa ni nani na taarifa kama hizi zimfikie kwa njia ipi.

Mbalamwezi imekwisha, na dagaa huvuliwa gizani kwa taa; usiku huu mashua zinatoka tena. Nasikia injini kwa mbali. Shangazi ameniambia saa kumi na moja atakuwa mwaloni, na kabla ya hapo inabidi tulishone lile turubai.