Sura Tunayoiruka

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo letu la juma hili ni Nehemia 3, sura ambayo wengi wetu, tukisema ukweli, huiruka. Ni aya 32 za majina ya watu na ya malango, na anayepewa kuisoma ibadani hutokwa na kijasho kabla hajafika kwa Meshezabeli, huku washirika wameanza kutazama simu zao. Nimeichagua kwa sababu ya neno lililozuka katika ushirika wetu wa nyumbani Jumatano iliyopita. Ndugu mmoja alisema kwamba nchi hujengwa na hubomolewa na wakubwa, na sisi wengine ni wa kuhesabiwa tu siku ya kura. Mama mmoja mzee akamjibu kwamba hajawahi kumwona mkubwa akichimba mtaro. Tulicheka, tukafunga kwa maombi, lakini neno lile sikulala nalo vizuri.

Tumtendee haki Nehemia kwanza. Ukuta wa Yerusalemu ulikuwa umelala kifusi tangu Wababeli walipoubomoa mwaka wa 586 kabla ya Kristo, na yeye alifika karibu mwaka wa 445. Maana yake ni kwamba kwa muda wa miaka ipatayo 140 mawe yalikuwapo, mikono ilikuwapo, na ukuta haukusimama. Alipokuja mtu mwenye barua ya mfalme Artashasta wa Uajemi, mwenye kibali cha kupewa miti katika msitu wa mfalme, na mwenye moyo wa kuzunguka magofu usiku kabla ya kumwambia mtu yeyote neno, kazi ilikamilika kwa siku 52. Anayedai kwamba viongozi si kitu hajakisoma kitabu hiki. Lakini pia tusisahau kwamba Nehemia alikuwa amekaa zake Shushani akimpa mfalme divai, na asingefunga wala kulia kama Hanani ndugu yake, pamoja na wasafiri wengine wasiotajwa, hawangemletea habari za nyumbani.

Sasa fungua sura ya 3. Mtafute Nehemia kati ya wajenzi. Utampata mmoja tu katika aya ya 16, naye ni mwana wa Azbuki, mtu mwingine kabisa! Yule ambaye kitabu kinaitwa kwa jina lake amekaa kando na kuandika majina ya wenzake: wafua dhahabu, watengeneza manukato, makuhani, wafanyabiashara, watu ambao kazi zao za kila siku hazikuwahi kuwafundisha kupanga mawe. Wengi wao wanatajwa kuwa walijenga mahali palipoelekea nyumba zao wenyewe. Malkiya, aliyekuwa mtawala wa wilaya, hakupewa lango la kupigia picha. Alijenga Lango la Jaa, palipopitishwa taka za mji. Mkazi wa Nairobi aliyewahi kupita karibu na jaa la Dandora wakati wa mvua hahitaji kuelezwa harufu ya kazi hiyo.

Hata hivyo, watu walionigusa zaidi ni Watekoi, yaani watu wa mji wa Tekoa. Aya ya 5 inasema kwamba walijenga, ila wakuu wao walikataa kutia shingo zao katika kazi. Ningekuwa Mtekoi wa kawaida, nakiri, ningeweka chini mwiko na kwenda nyumbani, na sababu yangu ingekuwa nzuri. Lakini ukiendelea kusoma kwa uvumilivu hadi aya ya 27 unakutana nao tena: wamemaliza sehemu yao, wameanza nyingine. Walijenga mara mbili, na hakuna hata jina moja la Mtekoi lililoandikwa. Kususia kwa wakuu kumehifadhiwa katika Maandiko, na bidii ya watu wao pia, wala moja halikuzuia jingine.

Sisi wa mji huu tuna ukumbusho wetu wa jambo hili. Barabara inayopita kando ya Chuo Kikuu cha Nairobi inaitwa Harry Thuku, na jina hilo linastahili. Alikuwa mpokea simu katika ofisi ya hazina ya serikali ya kikoloni, akasimama kupinga kipande (kitambulisho ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba), kodi na kazi ya kulazimishwa ya wanawake na wasichana, hadi alipokamatwa tarehe 14 Machi 1922. Lakini siku ya tarehe 16, Thuku alikuwa ndani ya seli. Waliokuwa nje ya kituo cha polisi ni wapishi, matarishi, vibarua na akina mama. Wajumbe wao walipotoka kuzungumza na serikali na kuwaomba watu watawanyike, Mary Muthoni Nyanjiru aliwaambia wanaume wachukue rinda lake, nao wampe suruali zao. Umati ukasonga mbele, risasi zikalia, na Nyanjiru akawa miongoni mwa waliouawa. Hesabu ya serikali ilitaja watu 21. Walioshuhudia walitaja wengi kuliko hao. Thuku alipelekwa Kismayu, naye baadaye akarudi na kuzeeka. Wale wa nje ya kituo, ukimwondoa Nyanjiru, ni nani kati yetu anayeweza kumtaja hata mmoja?

Aya ya 12 inamtaja Shalumu, mtawala wa nusu ya wilaya ya Yerusalemu, aliyejenga yeye na binti zake. Baba ana jina na cheo. Mabinti wana mawe tu. Nimejiuliza juma zima kama jambo hili liliwauma. Kisha nikasoma mwisho wa kitabu, nikamkuta Nehemia mwenyewe, mwenye jina kubwa kuliko wote waliojenga, akimwomba Mungu wake amkumbuke kwa mema. Hakuomba watu wamkumbuke. Pengine aliijua kumbukumbu yetu ilivyo.

Jumatano hii tutaisoma sura yote kwa sauti, aya 32, kila mshirika aya mbili au tatu, bila kuruka jina. Yule mama mzee ameomba apewe aya ya 12.