Kusukutua kwa floraidi shuleni: pima vizuri, tema yote

Shule ya msingi ya Yahiko, mkoani Niigata, Japani, ilianza kusukutuza wanafunzi wake kwa floraidi, madini yanayokinga meno yasioze, mwaka 1970. Utaratibu ni huu: sodiamu floraidi ya asilimia 0.2, mara moja kwa wiki. Gramu 2 za unga katika lita 1 ya maji zinatosha watoto 100, kila mmoja mililita 10.

Hizo gramu zipimwe kwa mizani, kamwe si kwa kijiko. Bora zaidi ni paketi zilizopimwa kiwandani. Kikombe sahihi kina miligramu 9 hivi za floraidi. Mtu akiteleza nukta moja ya desimali akaweka gramu 20, kikombe kinabeba miligramu 90, na kwa mtoto wa kilo 20 hatari ya sumu huanzia kwenye miligramu 100. Ndiyo maana unga unafungiwa kabatini, na anayepima awe na mwenzake wa kuhakiki. Changanya kwenye chombo cha plastiki. Maji ya chumvichumvi, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, hayafai: kalsiamu yake huinasa floraidi.

Wiki ya kwanza tumieni maji matupu. Mtoto anasukutua dakika nzima akiinamisha kichwa kidogo, ili maji yafike meno ya mbele na yasiteremke kooni. Mashavu yatunishwe kwa zamu, kulia na kushoto. Kisha anatema kwenye kikombe kilekile, anatia tishu inyonye, kinatupwa. Kikombe kikirudi kikavu, mtoto kameza. Arudie mazoezi ya maji. Walio chini ya miaka 6 wasiingizwe kabisa, kwani wengi hawajaweza kuzuia kumeza.

Baada ya kusukutua, nusu saa bila kula wala kunywa. Kusukutua dakika tano kabla ya uji ni kuosha dawa yote: floraidi inatakiwa ibaki kwenye mate, irudishe madini kwenye jino lililoanza kulainika. Mapitio ya 2016 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, yalikuta uozo wa meno ya ukubwani ukipungua kwa takriban asilimia 27, pale watoto waliposukutua kwa ratiba na kwa kusimamiwa.

Arusha, Meru au Nakuru, ambako maji huwa na floraidi nyingi ya asili, pimeni kwanza maji ya kunywa. Floraidi ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, watoto wanameza floraidi kupita kiasi tayari. Hapo kazi ya kwanza ni kutafuta maji mengine.