Rozari na mazoezi ya goti

Ndugu yangu mdogo alivunjika mfupa wa paja akiwa amepakiwa kwenye bodaboda, Barabara ya Outer Ring, Nairobi. Daktari alitueleza kwamba huo ndio mfupa mrefu na wenye nguvu kuliko yote mwilini, na kwamba ukivunjika, damu nyingi huvujia ndani ya nyama bila mtu kuiona. Angewekewa chuma ndani ya mfupa, kisha tuhesabu miezi.

Sisi ni Wakatoliki wa Kayole, na jumuiya yetu ndogo ndogo husali nyumba kwa nyumba. Habari iliwafikia kabla sijampigia mtu simu. Hospitali ilipotuomba watu wa kuchangia damu, vijana wa jumuiya walipanda matatu asubuhi na mapema; waliokuwa chini ya kilo 50 walirudishwa, wakabaki nje wakisali na Mama. Bima ya afya ya serikali, SHA, ililipa sehemu ya gharama. Iliyobaki ilichangwa kwa M-Pesa, na mweka hazina alisoma kila jina na kila kiasi mbele ya watu wote. Uwazi huo ulituondolea minong'ono, nami namshukuru mpaka leo.

Ugumu ulianza alipotoka hospitali. Tunaishi ghorofa ya nne, jengo halina lifti, na wanaume walimpandisha juu ya kiti cha plastiki wakipumzika kila ghorofa. Basi wageni wakamiminika! Nyimbo, maombi marefu, chumba kimejaa, na mgonjwa anatokwa jasho kwa maumivu ila anaona haya kusema. Nilimfuata mwenyekiti wetu, mama mtu mzima, nikamwambia, "Mama, tunashukuru sana, lakini kijana halali." Hakukasirika. Alipanga wawili wawili kila jioni, fungu moja la rozari, kisha mmoja abaki afue nguo au akae na Mama. Jirani yetu Mwislamu wa ghorofa ya chini aliingizwa kwenye zamu bila kuulizwa dini. Alileta uji, akaomba dua yake, nasi tukaitikia amina.

Kusema kweli, wiki za kwanza kila mtu huja. Shida ni mwezi wa tatu, watu wamerudia shughuli zao na mgonjwa amechoka kuwa mgonjwa. Ndugu yangu aliacha kufanya mazoezi. Goti lilikuwa limekaza, kulikunja kulimliza, na alinijibu vibaya kila nilipomkumbusha. Nilirudi kwa mwenyekiti, safari hii nikaomba mtu mmoja tu, wa rika lake. Alitutumia kijana anayeimba kwaya.

Huyo kijana ndiye aliyewaza jambo ambalo mimi nisingeliwaza. Fungu moja la rozari lina Salamu Maria kumi, na mtaalamu wa viungo alikuwa ametaka goti likunjwe mara kumi, apumzike, arudie. Wakaanza: kila Salamu Maria, goti linakunjwa na kunyooshwa taratibu, kwenye Atukuzwe Baba na Baba Yetu, mguu unapumzika. Nilimuuliza mtaalamu kama kuna ubaya, akasema hapana, mradi asilazimishe panapouma sana. Siku za mwanzo hawakumaliza hata fungu moja. Ndugu yangu alikuwa akisema sala kwa meno yaliyoumana, na mimi jikoni niliitikia "Maria Mtakatifu" kwa sauti ili ajue hayuko peke yake. Baadaye mafungu yote matano yakawa yanakwisha, na Mama akarudi kulala usiku mzima.

Naamini Mungu alituponyea mtu wetu, na naamini alipitia kwa kijana huyo.

Sasa anashuka ngazi kwa gongo moja. Asubuhi za baridi za Julai paja bado linamuuma, na daktari anataka picha nyingine kabla hajamruhusu kuliacha gongo. Alhamisi hii jumuiya inasali kwetu, na ndugu yangu ameomba aongoze fungu la kwanza.