Werner Janensch, mtu aliyeisoma mifupa ya Tendaguru

Hapa Lindi, akitajwa mjusi wa Tendaguru barazani, mazungumzo hayachelewi kufika pale pale: arudishwe kutoka Ujerumani, au tulipwe. Hoja hiyo ina haki yake, na imefika mpaka bungeni zaidi ya mara moja. Hata hivyo, ni nadra kusikia mtu akiuliza mifupa hiyo ilisema nini baada ya kufika Berlin, na ni nani aliyeketi nayo miaka yote hiyo akiisoma. Jibu la swali hilo la pili ni Werner Janensch, mtaalamu wa visukuku aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1878 na kufariki mwaka 1969, ambaye karibu kazi yake yote ilitokana na kilima kimoja kilichoko kilomita zipatazo 60 kutoka mjini kwetu.

Habari ya kilima hicho ilifika Ulaya kupitia Bernhard Sattler, mhandisi wa kampuni ya madini, aliyekuta mifupa mikubwa imejitokeza juu ya ardhi mwaka 1906, wakati nchi ya kusini ilikuwa bado inaungua kwa vita vya Maji Maji. Mwaka uliofuata alikuja Eberhard Fraas, mtaalamu wa visukuku wa Ujerumani, kuthibitisha kwamba ni dinosaria. Baada ya hapo Wilhelm Branca, mkurugenzi wa makumbusho ya Berlin, akachangisha fedha, na mwaka 1909 Janensch akateremka Lindi pamoja na mwenzake Edwin Hennig.

Uchimbaji wenyewe ulifanywa na watu wa huku. Mamia ya vibarua walichimba mahandaki chini ya usimamizi wa Boheti bin Amrani, ambaye ustadi wake wa kutambua mfupa ndani ya udongo na kuutoa bila kuuharibu ndio uliowezesha kazi kusonga mbele. Mfupa uliolala ardhini kwa takriban miaka milioni 150 hautolewi kama muhogo. Una nyufa, mizizi ya miti imepita ndani yake, na ukiunyanyua bila kuufunga unasambaratika mikononi. Ilibidi uvikwe plasta au udongo, na mingine ikafungwa ndani ya mianzi iliyopasuliwa, ndipo ikabebwa na wapagazi kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa hivyo hadi mwaka 1913. Kila shimo lilipewa herufi yake, na kila mfupa ukaandikiwa herufi za mahali ulikotoka. Utaratibu huo unaweza kuonekana kama kazi ya karani wa ghala, lakini mengi ya yanayofuata yalisimama juu yake.

Kilichomvutia Janensch hapa hakikuwa ukubwa wa mifupa peke yake. Miamba ya Tendaguru imepangana kwa zamu: kuna matabaka matatu yenye mifupa ya dinosaria, na kati yake kuna matabaka ya mchanga wa baharini yaliyojaa makombe. Bahari ilikuwa ikipanda na kurudi katika pwani hii, na wanyama walikufa karibu na maji. Kwa kuwa aina za makombe ya baharini hubadilika kadiri zama zinavyopita na zinajulikana katika nchi nyingi, ziliwapa watafiti njia ya kukisia umri wa mifupa iliyoko juu na chini yake. Baadhi ya miguu ilikutwa imesimama wima ardhini, na kutokana nayo ikazaliwa dhana kwamba wapo wanyama walionasa katika matope na kufia hapo hapo.

Mwaka 1914 Janensch alitoa uamuzi uliomjengea jina. Miongoni mwa mifupa kulikuwa na ya mnyama mwenye miguu ya mbele mirefu kupita ya nyuma, ambaye mfupa wa juu wa mguu wake wa mbele peke yake ulizidi mita 2. Mnyama wa umbo hilo alikuwa ameshaelezwa huko Colorado, Marekani, na Elmer Riggs mwaka 1903, kwa jina la Brachiosaurus. Janensch alimweka mnyama wetu katika jenasi hiyo hiyo, yaani kundi moja la spishi zilizo karibu kiukoo, na kumwita Brachiosaurus brancai, kwa heshima ya mkurugenzi wake. Maana ya hatua hiyo kwa elimu ya mageuko, yaani jinsi viumbe vinavyobadilika kizazi baada ya kizazi, ilikuwa kubwa, kwa sababu wanyama wa jenasi moja wana asili moja ya karibu, na mnyama wa nchi kavu mwenye uzito wa tani nyingi hawezi kuogelea bahari ya Atlantiki. Wanajiolojia wengi wa wakati ule walieleza mifano ya namna hiyo kwa kudai kwamba palikuwa na madaraja ya ardhi yaliyozama baadaye. Alfred Wegener alikuwa ameshatoa mwaka 1912 wazo kwamba mabara yenyewe yalikuwa yameungana kisha yakaachana, lakini waliomkubali walikuwa wachache.

Hennig alimshughulikia mnyama mwingine, Kentrosaurus, aliyempa jina mwaka 1915, na kwangu mimi huyu anafundisha mageuko vizuri kuliko yule mrefu anayepigwa picha na watalii. Ni jamaa wa Stegosaurus wa Marekani, lakini ni mdogo zaidi, na mabamba yaliyoko shingoni na mgongoni yanageuka kuwa miiba mirefu kuelekea kiunoni na mkiani. Ukoo ni mmoja, ila kila upande ulishika njia yake. Tofauti za namna hiyo ndizo zinazoonyesha kwamba muda umepita na kwamba kizazi kimeachana na kizazi, jambo ambalo mfanano peke yake hauwezi kulionyesha.

Baada ya kurudi Berlin, Janensch hakuharakisha. Alieleza mafuvu katika miaka ya 1930, pingili za uti wa mgongo mwaka 1950, na mifupa ya miguu mwaka 1961, akiwa mzee aliyepita miaka 80. Kati ya maandishi hayo, ninaloliheshimu kuliko yote ni la mwaka 1947, kuhusu matundu na mashimo yaliyomo katika pingili za wanyama hawa. Alionyesha kwamba yanalingana na yale ya ndege, ambamo vifuko vya hewa vinavyotoka kwenye mapafu hupenya hadi ndani ya mifupa. Leo hoja hiyo ni nguzo mojawapo ya kueleza jinsi mnyama wa ukubwa ule alivyoweza kuinua shingo ndefu vile na kupumua kupitia koo refu vile, na pia ni kiungo kimojawapo katika ukoo unaowaunganisha dinosaria na ndege.

Si kila alichokisimamisha kilibaki wima, na hapa nasema neno hilo kwa maana yake halisi. Kiunzi cha Brachiosaurus kilichozinduliwa Berlin mwaka 1937, chenye urefu wa takriban mita 12 kwenda juu, kilikuwa na viwiko vilivyokunjwa kwa nje kama vya kenge na mkia ulioburutwa chini. Kilipojengwa upya mwaka 2007 miguu ilinyooshwa na mkia ukainuliwa. Vilevile katika zama zake wengi waliamini kuwa wanyama hawa waliishi majini ili maji yawasaidie kubeba uzito, mpaka mtaalamu wa visukuku Kermack alipoonyesha mwaka 1951 kwamba mnyama aliyesimama kina kile asingeweza kuvuta pumzi, kwa sababu mgandamizo wa maji ungemlemea kifuani.

Pigo kubwa zaidi lilikuja kwenye jina lenyewe. Mwaka 1988 Gregory Paul alipendekeza kwamba mnyama wa Tendaguru atofautishwe na yule wa Colorado kwa jina la Giraffatitan, na mwaka 2009 Michael Taylor akalinganisha mifupa ya pande zote mbili na kuorodhesha tofauti 26, zikatosha kabisa kumtoa katika jenasi ya Brachiosaurus. Wapo wanaosimulia habari hii kana kwamba ni aibu ya Janensch. Mimi siioni hivyo. Kumbukumbu zake zilipambanua mfupa upi ulitoka shimo lipi na upi ulikuwa wa mnyama mmoja na upi, na maelezo yake yalikuwa ya kina kiasi kwamba mtu aliyekuja miongo mingi baadaye aliweza kuyatumia kumpinga mwandishi wake.

Ninachomlaumu nacho, yeye na wenzake kwa pamoja, ni majina. Spishi zilipewa majina ya wakubwa na wafadhili wa Berlin, na mnyama mdogo aliyepatikana kwa wingi Kindope, kaskazini mwa kilima, akapewa mwaka 1919 jina la Lettow-Vorbeck, jenerali wa jeshi la kikoloni. Waliochimba hawakuwekwa. Boheti bin Amrani alisubiri mpaka mwaka 2007, Kristian Remes alipomwita dinosaria mmoja wa Tendaguru Australodocus bohetii.

Mwaka 2019 likafuata jingine. Janensch alikuwa ameacha pingili za mkia ambazo alizihesabu kuwa za mnyama aliyekwisha kujulikana. Philip Mannion na wenzake walipozichunguza upya waliona ni za mnyama tofauti, wakampa jina la Wamweracaudia keranjei, yaani mkia wa Wamwera, wakimtaja pia Mohammadi Keranje, mmoja wa wasimamizi wa uchimbaji. Jambo linalowashughulisha wataalamu kuhusu mkia huo ni kwamba jamaa zake wa karibu, kwa tafsiri yao, ni dinosaria wenye shingo ndefu wanaojulikana zaidi kutoka China, si Marekani. Ikiwa tafsiri hiyo ni sahihi, ukoo huo ulikuwa umeshaenea kabla mabara hayajaachana sana, na swali lililoanza mwaka 1914 kwa kulinganisha Lindi na Colorado sasa linahitaji mifupa ya Asia pia, pamoja na mingine kutoka hapa hapa, kwa kuwa pingili za mkia peke yake hazitoshi kuukamilisha ukoo mzima.