Simu Sikioni

Usiku wa kwanza nilidhani mdogo wangu anaongea na simu. Halafu nikakumbuka simu yake ilikuwa kwangu, naichaji.

Tunaishi Busia, upande wa Uganda: mama, mimi na mdogo wangu. Yeye alikuwa wa bodaboda, kutwa anavusha abiria na mizigo mpakani. Mimi nauza mukene, dagaa wa ziwani, sokoni. Alikuwa na miaka 23 sauti zilipoanza.

Miezi mitatu nilibishana naye. Namulika tochi uvunguni, nafungua mlango, namwambia, "Tazama, hakuna mtu." Akawa ananitazama kana kwamba mgonjwa ni mimi, mwishowe akaacha kabisa kuniambia. Sauti hazikunyamaza, aliyenyamaza ni yeye.

Kwa mganga tulikwenda, sifichi. Mbuzi wawili waliondoka, sauti zikabaki. Jirani akashauri tumfunge kamba, mama akamfukuza uani.

Hospitalini alianzishiwa haloperidoli, dawa ya kutuliza sauti. Siku ya tatu shingo ikapinda upande, macho yakageukia juu, mate yanamtoka. Mama akalia kwamba amerogwa upya. Kumbe ni dawa ile ile! Alipochomwa sindano shingo ikarudi, wakamwongezea vidonge vya benzheksoli ili isipinde tena. Wangetuonya mapema tusingepata mshtuko ule, na yeye asingezigomea dawa wiki mbili. Na sokoni wakawa wanamwita "wa Butabika", ile hospitali ya wagonjwa wa akili Kampala, ingawa Kampala yenyewe hajawahi kufika.

Aliyenifungua macho ni musawo mmoja, mhudumu wa afya, mama wa makamo. Aliniambia, "Usimwambie zipo, wala usimwambie hazipo. Muulize zinasema nini na zinamfanya ajisikieje."

Jioni ile tukiwa tunachambua mukene nikamuuliza. Alikaa kimya mpaka sinia ikaisha. Kisha akasema ziko mbili. Moja ni ya mwanamume, inamtukana na kumwamrisha. Nyingine ni ya bibi yetu marehemu, inamwita aje kula.

"Hiyo ya bibi, dada, msiiondoe."

Nikajikaza nikamuuliza kama yule mwanamume humwambia ajiue. Niliogopa nisije nikamtia wazo kichwani, lakini musawo alikuwa amenihakikishia kuwa kuuliza hakumpi mtu wazo. Akajibu ndiyo, mara nyingi. Usiku ule ule sumu ya panya na kamba zote zikahamia kwa shangazi, asubuhi tukarudi hospitalini, na kwa wiki kadhaa mama na mimi tulilala kwa zamu.

Siku hizi anachomwa sindano kila mwezi. Ya serikali ni bure ikiwepo. Isipokuwepo nanunua, na mwezi huo mboga inakuwa mukene niliokosa kuuza. Sauti zimepungua, hazijaisha. Usiku wa mvua akikosa usingizi zinarudi kwa nguvu, basi tunawasha redio au anaimba polepole.

Ujanja wa simu alipewa na mgonjwa mwenzake kliniki: zikikuzidi mbele za watu, weka simu sikioni uzijibu. Hapa mpakani nani hapigi kelele kwenye simu?

Jumamosi alikuwa ananisaidia kibandani. Nikamwona amesimama, mkono mmoja na kikombe cha kupimia, mwingine na simu. "Niko kazini. Nitakusikiliza saa kumi na mbili jioni." Akairudisha mfukoni.

"Nani huyo anakusumbua hivyo?" mteja akauliza.

"Mtu wa zamani," akasema, akamwongezea mukene wa nyongeza.