Kakimbia kwa mumewe

Kwetu Pemba mtu mzima hakimbii bure. Ukimuona anakimbia ujue kuna mtu kafa, au ng'ombe kakata kamba, au gari ya 602 inaondoka Konde kwenda Chake na yeye bado anatafuta chenji. Sasa mie siku ya mwanzo nimetoka nyumbani alfajiri ishapambazuka, suruali ndani, dera juu nimelikunja na kulifunga kiunoni, mtandio nimeukaza kwa pini mbili, raba nyekundu miguuni, sijamaliza hata mita mia mbili bi mkubwa mmoja anafagia uwanja wake kanisimamisha na fagio lake mkononi. "Nani kafa?"

Nkamwambia hakuna aliyekufa bibi, nafanya mazoezi. Kaniangalia kuanzia raba mpaka mtandio, kasema haya, karudi kwenye ufagio wake. Mie nkaendelea na safari yangu nkidhani yamekwisha, kumbe nimerudi nyumbani najifuta jasho nakuta habari imenitangulia: binti wa fulani kaonekana barabarani anakimbia, yuko mbio kabisa, na kwa kuwa wanajua nimeolewa Unguja basi mpaka inafika kwa mama ishakuwa nimekimbia kwa mume wangu. Mama kacheka mpaka kakaa chini. Mume wangu nimempigia simu kumhadithia, yeye hakucheka sana lol.

Nilikuja Agosti, wiki tatu za likizo, kusaidia karafuu. Mbio nimezianzia mjini Unguja na kikundi cha mazoezi cha mtaani, wale wa Jumapili alfajiri wanaoimba njia nzima, mnawajua, na kila tarehe 1 Januari tunatoka na fulana zetu kwenye siku ya mazoezi. Mjini ni tambarare. Unakimbia kilomita nane unajiona bingwa. Nkajiambia Pemba nimezaliwa, vilima vile nimevipanda na kigunia cha karafuu kichwani nna miaka tisa, vitanishinda nini?

Basi vimenishinda. Kisiwa chenyewe hakifiki kilomita 70 kutoka kusini mpaka kaskazini lakini hakina pahala pa kunyooka, ni bonde kilima bonde kilima, kila bonde lina mpunga na kila kilima kina mikarafuu, na vilima vyenyewe ukivipima kwa mita utacheka, vifupi, ila vimekaa wima kama ngazi ya dari. Ukishapata pumzi ya kilima hiki ushaanza kushuka, na ukishazoea kushuka kingine hicho. Nimekimbia kipande cha barabara ya zamani ya Chake kwenda Wete, ile inayojipindapinda, na nakwambia kweli nilipofika kilima cha tatu nilikuwa natembea, tena natembea huku nimeshika mbavu, na gari ya abiria imepita kondakta kapunguza bei bila kuombwa.

Lakini harufu! Agosti barabara yote ni majamvi ya karafuu, pembeni mwa lami, mbele za nyumba, mpaka kwenye kiwanja cha mpira, zimeanikwa zinageuka kutoka kijani na wekundu kuwa kahawia, na jua likishazipiga ile harufu inakuingia mpaka kwenye koo, unapumua kwa mdomo unaonja. Mjini tunapumua moshi wa vespa. Watalii wanadhani karafuu zilikuwepo hapa tangu enzi na enzi, hazikuwepo, zimeletwa Zanzibar karne ya 19, na mwanzo nyingi zilikuwa Unguja mpaka kile kimbunga cha 1872 kilipoing'oa mikarafuu ya kule na Pemba kikaikosa. Tangu hapo karafuu ni Pemba. Bibi yangu mzaa baba mikarafuu yake ni ya eka tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi, na ndiyo hiyo hiyo mpaka leo tunayogombania nani apande na nani achambue (mie nachambua, kupanda mti siku hizi naona kizunguzungu).

Siku moja nilikuwa kwa dada yangu Chake nkapiga njia ya Wawi kwenda Pujini. Wawi kuna kile kiwanda cha makonyo, vile vijiti vya karafuu tunavyovichambua usiku ndivyo vinavyokamuliwa mafuta, ukipita hapo hufikirii kingine. Pujini kwenyewe ni magofu ya Mkamandume, yule mtawala ambaye wazee wanahadithia aliwabebesha watu mawe ya ngome kichwani huku wanasota kwa matako. Nilifika nimechoka nkakaa juu ya jiwe moja nkasema pole zenu nyie mliosota, mie nimekuja kwa hiyari yangu.

Ila njia niliyoipenda, ile ambayo nkifunga macho sasa hivi niko mjini naiona, ni ya Konde kwenda Ngezi mpaka Makangale na kule mwisho Ras Kigomasha. Unatoka Konde mashambani, muhogo na migomba, halafu ghafla barabara inaingia msituni na taa inazimika. Sio usiku, ni miti tu, mivule mirefu ambayo shingo inauma kuitazama, mipapindi (jamii ya minazi), mizabibu ya mwitu imening'inia, na baridi ya chini chini hivi kama mtu kafungua friji. Ngezi ni msitu wa asili uliobakia, zamani inasemekana sehemu kubwa ya huku ilikuwa hivo hivo kabla ya mikarafuu. Na Ngezi ina wenyewe. Mama hakutaka kabisa nipite peke yangu, nkamwambia mama lami ipo na magari yanapita, kanambia lami wameiona lini wao. Hao "wao" sikumuuliza ni nani.

Ndo nikapewa mlinzi. Mtoto wa kaka yangu, miaka kumi na mbili, na baiskeli ya babu yake ambayo akikaa kwenye tandiko miguu haifiki pedeli kwa hiyo anaiendesha kwa kuipitishia mguu katikati ya fremu. Kazi yake kubeba chupa ya maji na kuniambia "shangazi wewe umepunguza mwendo" kila ninapopunguza mwendo. Sijawahi kuwa na kocha mkali kuliko huyu.

Ukitoka msituni unapita kwenye shamba la miti ya mpira, imepangwa mistari mistari, majani makavu yanalia chini ya raba, halafu njia inakuwa mchanga mweupe na unaanza kuisikia bahari kabla hujaiona. Upande mmoja Verani, upande wa pili Vumawimbi, na jina nalo halidanganyi, wimbi linavuma kweli, khasa huu upepo wa kusi. Mbele kabisa kule kwenye rasi uko mnara wa taa, wa chuma, wa enzi za Waingereza, na ukizunguka chini yake unaona mkondo wa bahari bluu nzito nzito upande wa bara. Mchanga wa pwani ukiwa umetoka kulowa unakimbilika kuliko lami, mguu hauingii. Na baina ya mchanga na mchanga yapo yale mawe, miamba ya matumbawe ya zamani, bahari imeyala chini yamebaki yamejikunja kama mdomo, juu yake ncha tupu, ukianguka unachanika kama umeangukia mbuzi ya nazi.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Ilikuwa Jumamosi, nimechambua usiku kucha na asubuhi sikuamka, jioni lazima niwepo kuanua karafuu, nkasema nitakwenda baada ya adhuhuri, kuna mawingu jua sio kali. Tumefika Vumawimbi saa nane na robo hivi. Nkamwambia mtoto kaa hapa na baiskeli mie nakimbia mpaka kwenye yale mawe nazunguka napita upande wa pili halafu narudi. Mchanga ulikuwepo, sio mwingi, lakini upo. Kanambia "shangazi, maji yanakuja." Nkaangalia saa yangu, hii saa ya bei mbaya inayopima moyo na hatua na usingizi, nkamwambia nnayo dakika arubaini.

Hiyo saa inajua kila kitu changu ila haijui mwezi. Nimezunguka mawe ya kwanza, nimepita kichanga kidogo, nimezunguka ya pili, raha tupu, nazungumza peke yangu, nimepiga na picha mbili tatu. Kugeuka kurudi, kile kichanga hakipo. Sio kimepungua, hakipo, wimbi linapiga ukuta moja kwa moja na linarudi na povu. Nkasema nitapita mbio likivuta, nimejaribu, limenikamata magotini na kunibamiza kwenye jiwe, kiganja kikachanika na goti. Hapo ndo nkaacha ujanja. Nimepanda. Kwa mikono, na dera limeloa limekuwa zito kama godoro, raba moja imekatika soli, nasoma kila ninachokijua, mpaka nimefika juu kwenye vichaka, nako miba, nimetambaa mpaka nimetokea kwenye shamba la muhogo la mtu. Mwenye shamba yupo, mzee wa makamo, kasimama na jembe ananitazama naibuka kwenye kichaka, damu mkononi, mtandio uko shingoni.

"Kuna maiti?" kaniuliza.

Mtoto nilimkuta pale pale nilipomuacha ila kasogea nyuma na baiskeli yake mara tatu, alama za matairi nimeziona mchangani, na analia kimya kimya ila kaniona kajifuta haraka. Hakuniambia nilikwambia. Ningemwelewa angesema.

Nyumbani mama kanipaka manjano, kaniuliza swali moja tu. "Leo mwezi ngapi?" Namaanisha mwezi wa angani, wa Kiislamu. Sikujua. Ulikuwa kumi na tano. Mama amevua pweza miaka thelathini, kanambia kama anamfundisha mtoto wa darasa la kwanza: mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ni bamvua, asubuhi saa nne hivi bahari inakwenda mbali unatembea mpaka kwenye miamba ya pweza, lakini jua likishapinda yanarudi yote, saa kumi yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mivinje. Katikati, mwezi saba nane, ishirini na mbili, ni maji mafu, hayaendi mbali hayaji mbali. Haya nilikuwa nayajua jamani. Nkiwa mdogo nilikuwa natumwa kuangalia. Sijui nimeyaacha wapi, labda kwenye boti ya Unguja.

Wiki iliyofuata goti limekauka nimetoka tena, safari hii nimemuuliza kwanza mlinzi wangu, leo maji vipi? Kahesabu kwa vidole, kasema mafu, twende. Halafu kasimama na baiskeli hajapanda. Kasema kuanzia leo kila akinambia maji ni mia tano ya malai, zile barafu za kulamba. Nimempa elfu, ya siku hiyo na ya Jumamosi ile.